Chumo la Halali: Sauti Inayouzwa Ni Amana



Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), twarejea tena, ndugu msomaji, katika ukurasa wetu huu wa chumo. Tumekwisha kusema juu ya mizani na pishi, juu ya deni la dukani na ujira wa kibarua. Leo tutasema juu ya biashara isiyo na mizani wala rafu, nayo ni biashara ya kuuza darasa lililonaswa kwa sauti.

Vijana wetu wengi, wa kike na wa kiume, wamesomea kazi za ujuzi: huyu mhasibu, yule wakili, mwingine mpima ardhi, mwingine mkunga. Hufungua afisi, wakaandika jina mlangoni, wakakaa kumngoja mteja. Na mteja haji. Kisha huambiwa: "Toa semina, uinase, uiuze, watu wakikusikia watakuja." Wazazi wameniuliza mara nyingi kama hilo ni chumo la kweli au ni kelele tu. Jawabu langu ni kwamba ni chumo la kweli, nalo laweza kumfaa mwenye ujuzi na mwenye haja pia. Lakini lina sharti moja ambalo mimi mwenyewe nililisahau, na kwa kusahau kwangu mtu asiye na hatia aliumia. Basi nitalieleza kama lilivyotokea, bila ya kujificha.

Afisi ya juu ya duka

Yuko mwanafunzi wangu mmoja niliyemsomesha Juzuu Amma tangu hajajua kufunga vifungo vya kanzu yake. Baadaye alikwenda akasomea uhasibu, na aliporudi hapa Tanga alikodi chumba kimoja juu ya duka, huko Ngamiani, akaanza kazi ya kuwatengenezea wafanya biashara hesabu zao.

Jioni moja, baada ya sala ya Alasiri, alikuja kwangu akakaa mkekani akasema: "Maalim, nimechoka, na wala sijafanya kazi." Nikamwuliza imekuwaje. Akanieleza kwamba kila apandaye ngazi zile huja na swali moja: fedha ya duka na fedha ya nyumba hutengwa vipi? Mwenye duka achukua sukari rafuni akapeleka nyumbani, haandiki. Achukua shilingi elfu kumi za nauli ya mtoto, haandiki. Mwisho wa mwezi aona mauzo mengi na mfuko mtupu, akadhani ameibiwa au amerogwa.

"Huwaeleza saa nzima, Maalim," akasema. "Wakishaelewa hushukuru, wakaniombea dua, wakashuka. Kesho aja mwingine na swali lile lile. Wanaonilipa ni wale ninaowaandikia vitabu vya hesabu, na hao ni watu watatu tu."

Nilicheka, nikamwambia kuwa hiyo ndiyo hali ya mwalimu tangu zamani. Lakini nikakumbuka jambo la ujana wangu. Katika miaka ya 1990 nilikuwa nikimsaidia mtu mmoja mwenye duka la kanda. Alikuwa na mashine mbili za kunakili zikizunguka kutwa. Na kila Ijumaa baada ya sala tulitandika meza nje tukauza mawaidha ya masheikh wa Unguja na wa Mombasa. Niliwaona watu wa mashamba waliokuwa hawajamwona sheikh huyo hata siku moja, lakini wakija mjini humwulizia kwa jina na kumtaja kama jamaa yao. Sauti ilikuwa imekwisha kuwajulisha naye.

Nikamwambia: "Mwanangu, hilo unalolieleza mara tano kwa siku, lieleze mara moja, ulinase. Anayetaka elimu ataipata kwa bei ndogo. Na anayetaka kufanyiwa kazi atakuja hali amekwisha kukujua."

Huo ndio uliokuwa ushauri wangu, na hata leo nauona kuwa ni mwema. Ila haukuwa kamili.

Jambo hili si geni

Baadhi ya wazee hudhani kuuza darasa kwa sauti ni mtindo wa simu za siku hizi. Sivyo. Thomas Edison wa Marekani aliunda chombo chake cha kunasa sauti mwaka 1877, na mwaka uliofuata aliandika katika jarida moja orodha ya kazi alizozitaraji kwa chombo hicho. Miongoni mwa kazi hizo alitaja kuhifadhi maelezo ya mwalimu, ili mwanafunzi ayarejee wakati wowote apendao. Basi tangu chombo kilipozaliwa, darasa lilikuwa katika nia ya mwenye kukiunda.

Ama kuuza mafunzo hayo kwa watu wa biashara, katika walioifungua njia hiyo alikuwamo mtu wa Chicago aitwaye Earl Nightingale. Alikuwa mtangazaji wa redio, tena alikuwa na afisi ya kuuza bima. Mwaka 1956 alitaka kwenda mapumzikoni, akaona kwamba wauzaji wake watabaki bila ya mtu wa kuwapa moyo; basi akanasa maneno yake katika santuri ili wasikilizishwe naye akiwa hayupo. Wale wauzaji wakayapenda, wakataka nakala za kuwapa jamaa na rafiki zao. Na maneno yaliyokusudiwa watu wa chumba kimoja yakauzwa nakala zaidi ya milioni 1. Akashirikiana na mtu aitwaye Lloyd Conant, na mwaka 1960 wakaanzisha kampuni ya kunasa na kuuza mafunzo ya sauti. Wengine wengi wakashika njia hiyo: kwanza kwa santuri, kisha kwa kanda ndogo ambazo kampuni ya Philips ilizitoa mwaka 1963, kisha kwa sidii, na leo kwa simu.

Tazama, ndugu msomaji, alivyoanza mtu yule. Hakuanza kwa kutafuta soko. Alianza kwa jambo ambalo watu wake mwenyewe walikuwa na haja nalo, na soko likamfuata nyuma. Wazee wetu wamesema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tena kuna sababu ya sauti kumfaa mwenye ujuzi kuliko mwenye bidhaa. Anunuaye kitambaa hukishika akakisugua kwa vidole. Anunuaye embe hulinusa. Lakini anunuaye ujuzi wa mhasibu au wa wakili atashika nini? Ujuzi hauonekani mpaka umekwisha kulipiwa, na hapo tena mtu amechelewa. Sauti humpa mteja kitu cha kuonja. Humsikia mtu akieleza, akajua kama ana subira au ana pupa, kama asema wazi au ajificha nyuma ya maneno magumu, kama akifika asipopajua hukiri au hubabaisha. Na mama aliye jikoni, na dereva aliye njiani, na mzee asiyesoma upesi, wote husikia bila ya kuacha kazi zao.

Semina na msiba wake

Mwanafunzi wangu alikodi ukumbi mdogo siku ya Jumapili, akawaalika wenye maduka bila ya malipo. Walikuja watu thelathini na kitu, wanawake nyuma na wanaume mbele. Aliweka simu yake juu ya meza ikinasa, akasomesha kwa muda wa saa mbili. Alieleza vizuri: daftari la fedha ziingiazo na zitokazo, daftari la wadaiwa na wadai, mwenye duka kujiandikia ujira wake kama mtu mwingine yeyote, na kila kichukuliwacho rafuni kwenda nyumbani kiandikwe kwa bei yake. Kisha akafungua mlango wa maswali, na watu wakauliza.

Baada ya siku chache aliniletea sauti ile yote kama ilivyonaswa. Niliisikiliza kwa usiku mawili baada ya Isha, nikafurahi kama baba. Nilimsahihisha jambo moja tu, neno la Kiarabu alilolitamka vibaya. Naliandika hili ili msomaji ayaone makosa yangu: nilisikia neno lililokosewa, sikumsikia mtu aliyekuwa akidhulumiwa.

Aliiuza kwa shilingi 5,000, mtu akilipa kwa simu naye akampelekea. Katika majuma machache ziliuzwa nakala zaidi ya 80, na ngazi za afisi yake zikaanza kupandwa na watu wenye kazi ya kweli. Nami nilijisifu moyoni kwa ushauri wangu.

Katika wale waliouliza siku ile alikuwamo mama mmoja mjane, ambaye eda yake ilikuwa imekwisha, naye ndiye aliyekuwa akiliendesha duka la marehemu mumewe. Aliuliza hivi: katika daftari la marehemu amekuta deni la mwuzaji wa jumla ambalo warithi wenzake hawajalijua, je, aliandike wapi na namna gani kabla mali haijagawiwa? Hakutaja jina lake wala la marehemu. Alitaja tu duka linauza nini na liko upande gani wa mji.

Swali hilo, ndugu zangu, ni swali la mtu mwaminifu. Deni la maiti hulipwa kabla ya mirathi kugawiwa, na mama yule alitaka kuliandika sawasawa ndipo alitangaze kwa wenzake. Lakini lisemwalo katika chumba cha darasa si lile lisikiwalo barazani penye kahawa na kicheko. Shemeji yake, ambaye ni mmoja wa warithi, alilisikia katika simu ya mtu mwingine. Aliitambua sauti mara moja, na alilolisikia yeye ni kwamba shemeji yake ana deni analolificha. Usiku ule ule alikwenda mlangoni kwake, na maneno yaliyosemwa pale majirani waliyasikia.

Tulipopata khabari, mimi na mwanafunzi wangu tulikwenda kwa mama huyo pamoja na mke wangu. Nilimwambia: "Bibi, tumekuja kukutaka radhi. Hatukukusudia." Alitukaribisha, akatuwekea maji ya kunywa, kisha akasema kwa upole: "Maalim, mimi nilikwenda kuuliza. Sauti yangu sikumpa mtu aiuze. Mwanao ameiuza kwa elfu tano, na mimi sikujua hata kama iko sokoni."

Sikuwa na jawabu. Nimesomesha watoto miaka mingi kwamba mtu asiuze kisicho chake, na kumbe nilikisikiliza kisicho chetu usiku mawili, nikakibariki.

Tulifanya tuliyoweza. Mwanafunzi wangu alisimamisha uuzaji siku ile ile. Alimwandikia kila mnunuzi akamwomba aifute sauti hiyo, akaahidi kuwapa nyingine bure. Wengi waliitika kwa wema. Lakini baadhi yao walikuwa wamekwisha kuwapelekea wengine, na hao wengine kuwapelekea wengine. Maji yakimwagika hayazoleki. Zamani kanda mbaya tungeweza kuifuata kwa mnunuzi, tukamrudishia fedha yake, tukaivunja. Sauti ya simu haifuatiki. Mpaka leo hatujui ni nakala ngapi zimebaki.

Ama ile nyumba, wazee walikaa, daftari likafunguliwa, deni likalipwa kwanza kama inavyoamuru sharia, na kilichobaki kikagawiwa. Ukweli wa mama yule ulionekana. Lakini salamu baina ya nyumba mbili zile hazijarudi kama zilivyokuwa. Naye hesabu zake sasa humpelekea mhasibu mwingine, na hiyo ni haki yake.

Sharti nililolisahau

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba yasemwayo katika mabaraza ni amana. Aulizaye mbele ya watu thelathini amewaamini watu hao thelathini. Hakuuamini mji mzima. Ruhusa ya kusikia si ruhusa ya kuuza. Na jambo hili humpasa zaidi mwenye kazi ya ujuzi kuliko mtu mwingine, kwani mhasibu aijua mifuko ya watu, wakili azijua kesi zao, mkunga azijua siri za miili yao. Watu hawawaendei kwa sababu wanajua tu. Huwaendea kwa sababu wananyamaza. Basi mtu wa namna hiyo akiuza sauti yenye siri ya mtu mmoja, ameiuza ile amana iliyokuwa ndiyo rasilimali yake.

Kwa hiyo neno la kwanza ni hili: nasa sauti yako peke yako. Waache watu waulize, uyaandike maswali, kisha uyaseme wewe kwa kinywa chako siku nyingine. Wala usidhani yatosha kuondoa jina. Katika miji yetu mtu hujulikana kwa duka lake, kwa mtaa wake, kwa idadi ya watoto wake. Badilisha biashara, badilisha mahali, badilisha kiasi. Libakishe swali lenyewe. Na ikiwa ni lazima sauti ya mwulizaji ibaki, mwombe ruhusa kabla, iwe kwa maandishi, na umsikilizishe kabla hujauza.

Neno la pili: tenga yenye kudumu na yenye kuchakaa. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na neno hilo litakuwa kweli hata miaka mia ijayo. Lakini viwango vya kodi si hivyo. Hapa Tanzania mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na kila mwaka hupitishwa Sheria ya Fedha ambayo huweza kubadili viwango na kanuni. Mtu akinasa viwango vya mwaka huu ndani ya darasa lake, mwakani atakuwa anauza makosa. Basi yenye kudumu yanaswe. Yenye kuchakaa yaandikwe katika karatasi moja yenye tarehe, itolewe upya kila mwaka. Na mwanzo wa kila darasa itajwe siku lilipofanywa.

Neno la tatu ni la utengenezaji, nalo halina gharama kubwa. Mwanafunzi wangu mara ya pili alinasa nyumbani kwake, chumbani, madirisha yamefungwa, nguo zimetundikwa ukutani na zulia limetandikwa chini. Maana ukuta mtupu hurudisha sauti ikawa kama ya kisimani. Kinasa sauti kiwe karibu na kinywa, kadiri ya shubiri moja, lakini kando kidogo ili pumzi isikipige. Aliandika vichwa vya maneno yake, hakuandika hotuba nzima, kwani asomaye husikika kuwa anasoma. Alikwepa nyakati za adhana na saa za pikipiki nyingi, akanasa baada ya Alfajiri. Kila darasa lilikuwa la dakika 20 na swali moja tu. Darasa la kadiri hiyo, likitayarishwa kwa ajili ya maneno tu wala si muziki, huchukua nafasi ya megabaiti 10 hivi katika simu, na hata mwenye simu ndogo aweza kulipokea.

Neno la nne: usiuze kabla sikio jingine halijasikia. Mwaka 1961, Misri ilipotoa kwa sauti Kurani nzima kwa kisomo cha murattal, msomaji alikuwa Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, mtu ambaye elimu yake ya kiraa haikuwa na shaka. Na hata hivyo kazi ile ilikuwa chini ya usimamizi wa wanachuoni. Darasa la hesabu si Kurani, hilo ni wazi. Lakini ikiwa bingwa namna ile alisikilizwa, basi mimi na wewe ni nani? Na sikio hilo la pili liwe na maswali yake mkononi: je, kuna mtu atakayejulikana hapa? Je, kuna neno lisilo kweli? Je, kuna ahadi isiyotimizika? Mimi nilisikiliza kwa kufurahi tu, na furaha si ukaguzi.

Kilichofichwa chini

Lipo na neno la tano, na hili ni la uuzaji wenyewe. Sote twaijua khabari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, akakuta chini mna majimaji, akamwuliza mwenyewe kwa nini hakuyaweka juu watu wakayaona, akatuonya kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Sauti nayo ina juu yake na chini yake. Wako watu ambao hutoa darasa la kwanza tamu, kisha kila jambo lenye faida hulikatisha wakisema, "hili mtalipata mkinunua la pili," na la pili nalo lasema hivyo. Wengine huahidi utajiri kwa siku thelathini. Hiyo ni nafaka yenye maji.

Adabu njema ni kutoa darasa moja bure, nalo liwe kamili, mtu alisikie alitumie hata asiponunua. Yanayouzwa yatajwe kwa idadi, kwa urefu na kwa yaliyomo. Na mwenye ujuzi aonyeshe mpaka wa darasa lake: hapa waweza kujifanyia mwenyewe, hapa usithubutu, mwendee mjuzi. Kusema hivyo si kujinyima. Msikilizaji akiona umemfundisha bila ya choyo lile aliwezalo, atakuamini unapomwambia kuna asiloliweza, na atakuja kwako kwa hilo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mara ya pili mwanafunzi wangu alifanya madarasa 6. Wanunuzi wa zamani aliwapa bure kama alivyoahidi, wengine akawauzia kwa bei ile ile. Hayakuuzwa upesi kama yale ya kwanza, kwani khabari za mama yule zilikuwa zimezagaa, na watu walikuwa na haki ya kumwogopa. Fedha ya madarasa peke yake haikutosha hata kodi ya chumba. Lakini waliokuja afisini walikuja na daftari mikononi, mauzo mstari huu, matumizi ya nyumba mstari ule, nao wakauliza swali la pili badala ya lile la kwanza. Saa aliyokuwa akiimaliza kwa maelezo sasa aifanyia kazi yenye malipo. Faida ya biashara hii, kama nilivyoiona, iko hapo: humletea mwenye ujuzi mteja aliyekwisha kufundishika. Anayeingia akitaraji kuishi kwa bei ya sauti yenyewe, aghalabu atajikuta anapiga makelele zaidi na kufundisha kidogo zaidi.

Kwenu wanunuzi

Nasi tunaonunua tuna wajibu wetu. Wengi wetu hununua nakala moja tukawapelekea watu ishirini, tukadhani ni sadaka. Sadaka hutolewa katika mali ya mtoaji. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, lilipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988, lilitamka kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe, zinalindwa na sharia, wala haijuzu kuzivamia. Na sheria za nchi zasema hivyo hivyo: Tanzania inayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na Kenya inayo ya mwaka 2001. Basi asiye na uwezo amwombe mwenyewe. Nimewaona wengi wakiombwa wakatoa.

Na kuna jambo jingine. Ukipelekewa sauti yenye siri ya mtu, hata kama hukuinunua wala hukuinasa wewe, ikomee kwako, ifute. Lau wale waliokuwa barazani siku ile wangefanya hivyo, mama yule asingegongewa mlango usiku.

Mwanafunzi wangu sasa ana karatasi ndogo ameibandika mbele ya meza anaponasa. Imeandikwa neno moja: "Nani?" Kila akitaka kutoa mfano hulitazama kwanza, akajiuliza ni nani atakayeumia. Nami nimemwomba anipatie karatasi kama hiyo niiweke mbele yangu hapa ninapoandika.

Mwenyezi Mungu atujaalie chumo lenye baraka, azilinde ndimi zetu na masikio yetu, na amsahilishie mama yule mambo yake na atupatie radhi yake. Amin.